Hakuna Anayebaki Mkavu

Watu wa Felsőkút wana mambo mawili wasiyoyafanyia mzaha: nguruwe wao na Jumatatu ya Pasaka. Nguruwe huchinjwa wakati wa baridi, na hilo halina hadithi. Jumatatu ya Pasaka ndiyo siku ya wanaume kuzunguka nyumba kwa nyumba na ndoo za maji, na kila mwanamke sharti alowe. Kitoto cha kike kilichozaliwa juzi hunyunyiziwa. Bikizee asiyeweza kuinuka kitandani hunyunyiziwa hukohuko kitandani. Wanasema asiyepata maji siku hiyo hunyauka mwaka mzima. Msichana aliyeachwa mkavu ni heri angetukanwa, kwa sababu anayekutukana angalau amekukumbuka.

Latsami aliyajua hayo kabla hajakanyaga kijijini. Alikuwa ameambiwa na Gellért, kijana wa hukohuko, aliyesoma naye chuo cha kilimo karibu na mji mkuu. Latsami alitoka Luang Prabang, Laos, kwenye kingo za mto Mekong, na alikuja Hungaria kwa ufadhili wa masomo, hajui hata kuomba chumvi. Lugha alifundishwa na walimu, lakini matusi alifundishwa na Gellért, na yeye akamfundisha Gellért kula wali wa kunata kwa vidole. Tangu majira ya majani kupukutika walikuwa wapenzi. Chuoni kila mtu alijua. Nyumbani kwa kina Gellért hakuna aliyejua, na Latsami hakulijua hilo.

Mwezi wa sita ufadhili ulikuwa unakwisha. Kurudi kwao au kubaki, jambo hilo lilikuwa limemkalia kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Siku moja alimkabili Gellért akamwambia, "Nikae au niende? Wewe ndiye wa kuniambia." Gellért akacheka, akambusu kwenye paji la uso, akasema, "Njoo kwetu Pasaka. Jumatatu ya Pasaka hakuna msichana anayebaki mkavu kijijini kwetu."

Latsami alilichukua hilo kuwa jibu. Na nani angemlaumu? Mwaka ule Pasaka ilikuwa imechelewa, ikaangukia wiki ileile ya mwaka mpya wa kwao, Pimai, ambapo watu wa Laos humwagiana maji barabarani tangu asubuhi mpaka jioni, na wazee humiminiwa mikononi maji yenye maua. Kwao maji hayo ni baraka, na anayekumwagia anakwambia wewe ni wetu. Miaka mitatu Latsami alikuwa ameipitisha wiki hiyo katika bweni, anatazama picha za binamu zake waliolowa chepechepe, yeye mkavu kama dagaa. Safari hii alimpigia mama yake, muuza tambi za asubuhi sokoni, akamweleza yote: kijana, ndoo, kijiji. Mama akasema, "Mwanangu, wakikumwagia mbele ya watu, basi umepata kwenu kwa pili, nami nitalala usingizi. Siku hiyo nipigie. Nataka nikuone kwa macho yangu."

Basi hapo ndipo yote yalipokuwa yamening'inia: kwenye ndoo moja ya maji.

Jumamosi Bibi Borbála, mama wa baba yake Gellért, alimketisha Latsami jikoni wapambe mayai. Bibi alikuwa na masikio mazito lakini vidole vyepesi. Alichora maua juu ya ganda kwa nta ya moto, akalitumbukiza yai kwenye rangi, akaifuta nta kwa kitambaa, na maua yakabaki meupe.

"Haya ya bluu na ya kijani ni ya kila mtu," alisema Bibi. "Anakumwagia, unampa. Hata mlevi akija, akikumwagia, mpe. Lakini jekundu ni moja tu, na halipewi kila mtu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bibi."

"Eh?"

"Nimekusikia!"

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi. Mimi jekundu langu nilimpa babu yake Gellért. Unajua alifanyaje? Alinibeba mzimamzima akanitupa kwenye hori la ng'ombe, maji yana barafu! Nikaugua kifua. Nimelala pale nakohoa, nikajisemea, huyu kweli ananipenda."

Latsami alicheka mpaka nta ikamwagika mezani. Akamweleza Bibi habari za Pimai, maji na maua, na wazee wanavyomiminiwa mikononi. Bibi alisikiliza mkono ukiwa nyuma ya sikio.

"Basi Jumatatu utajiona uko kwenu," alisema. Akamsogezea sahani ya rangi nyekundu. "Lako hili. Tia uwezavyo. La nani?"

"La atakayenimwagia wa kwanza."

"Mjanja huyu," Bibi alimwambia paka aliyelala kando ya jiko. "Anafikiri sioni."

Latsami alilichora yai lile kutwa nzima. Hakuchora maua ya kijijini, alichora maua meupe ya kwao, ya mchampaka, yale ambayo mama yake humtilia kwenye bakuli la maji ya Pimai. Lilipotoka kwenye rangi alilipaka mafuta kidogo likang'aa, akalipiga picha ya kumtumia mama yake, akalifunga kwenye leso yake na kuliweka mbali na mengine.

Jumapili walikwenda misa. Baada ya misa watu walisimama uani kwa kanisa wakipeana heri ya Pasaka, na Márta, mama yake Gellért, mwanamke mnene mchangamfu asiyeweza kuona sahani tupu bila kuijaza, alikwenda mahali vijana waliposimama. Akawaambia neno. Vijana wakageuka wakamtazama Latsami, wakatikisa vichwa kukubali, mmoja akaweka mkono kifuani kama anayekula kiapo. Latsami akawatabasamia. Alifurahi, akidhani wanapanga namna ya kumlowesha. Usiku ule kabla ya kulala alitandika juu ya kiti nguo kavu za kubadilisha.

Asubuhi ya Jumatatu alivaa gauni la zamani la pamba, akasuka nywele msuko mmoja, akatia lile yai jekundu mfukoni na kushuka jikoni. Gellért alikuwa ameondoka alfajiri na kundi la vijana wenzake. Mezani palikuwa na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, mayai ya kuchemsha, mikate ya kuviringishwa yenye mbegu za mpopi, na chupa ya palinka kwa ajili ya wageni, kwa sababu katika siku hiyo hakuna mwanamume anayetembea kijiji kizima bila kulewa.

Wa kwanza alikuwa Mzee Dezső wa nyumba ya pili. Alikuwa amevaa suti ya harusi yake, kofia mkononi, na chupa ndogo ya marashi, maana wazee walikuwa wameshaziacha ndoo. Alisimama kizingitini akakohoa, akaghani:

"Nimebeba maji toka kisimani,
Nimepita tope hadi mlangoni,
Kuna ua humu lina kiu ndani,
Sema, Bibi, sema, ruhusa nipeni."

"Kila mwaka shairi hilohilo," alisema Bibi Borbála, naye ameshainamisha kichwa tayari. "Na kila mwaka wanuka palinka kabla hujafika kwangu."

"Ningekuja kwako mkavu, ungenipokea?"

"Nisingekupokea hata ukiwa umelowa. Tia, tia, usinibanie marashi."

Mzee akamnyunyizia Bibi nywele nyeupe. Akamnyunyizia Márta, aliyejifanya kukimbia kuzunguka meza. Kisha akafika mbele ya Latsami. Latsami akainamisha kichwa kama alivyomwona Bibi, akafumba macho. Akangoja. Alisikia kifuniko cha chupa kikifungwa. Alipofumbua macho, mzee alikuwa ameinama kwa heshima, mkono kifuani.

"Heri ya Pasaka, binti," alisema kwa upole. Akachukua yai lake kwa Márta, akanywa glasi yake, akaondoka.

Latsami alijisemea kwamba ni uzee, huenda amesahau. Wakaja wengine: baba mdogo wa Gellért na wanawe, mwalimu wa shule, kinyozi, dereva wa trekta. Walimtoa Márta nje wakimshika mikono na miguu, anapiga mayowe na kucheka, wakammwagia ndoo mbili uani hadi viatu vikawa vinatoa sauti akitembea. Hata mbuzi wa Mzee Dezső aliyejipenyeza uani alipata ndoo yake. Na kila mmoja wao, alipofika kwa Latsami, aliishusha ndoo, akavua kofia, akamtakia heri. Kapu la mayai lilikuwa mapajani pake, na hakuna aliyeweza kuchukua yai humo, kwa kuwa asiyekumwagia hana haki ya yai lako. Kapu la Márta lilikuwa linapungua. La Latsami lilibaki limejaa vilevile.

Bibi Borbála alikuwa mzito wa masikio, si wa macho.

"Na huyu?" aliuliza mwishowe, akimnyooshea Latsami fimbo. "Huyu mbona mkavu?"

"Huyu mgeni, mama," Márta alijibu, akikamua sketi yake juu ya beseni.

"Eh?"

"Mgeni! Niliwaambia vijana jana kanisani, huyu asiguswe. Katoka nchi ya joto, atashikwa na kifua, halafu kwao huko hatujui, pengine ni aibu mwanamke kumwagiwa maji na wanaume. Tusije tukamdhalilisha mtoto wa watu."

Kumbe ndiyo siri ya uani kwa kanisa. Alikuwa amewatabasamia watu waliokuwa wakiapa kumwacha.

"Mama," alisema, "si aibu. Nataka. Kwetu pia tunamwagiana maji, wiki hiihii. Gellért anajua. Nilimwambia Gellért."

Márta alimtazama kwa macho yaliyojaa huruma, akamkaribia, akamshika shavu kwa mkono wenye maji, kisha akaukumbuka mkono wake, akaufutia haraka kwenye aproni na kumpangusa shavu.

"Ona adabu ya mtoto huyu! Anasema hivyo ili asituudhi. Nawajua nyie, mna heshima kupita kiasi. Usijilazimishe, mwanangu. Hapa uko salama, hakuna atakayekugusa."

"Sijilazimishi, mama. Kweli nataka."

"Haya, haya. Kula mkate." Na akamwekea kipande kikubwa. "Gellért alipotuambia kuna mwenzake chuoni, maskini, hana pa kwenda sikukuu, nilisema hapohapo, mlete. Mtu asikae peke yake Pasaka. Si ndiyo, mama?"

Bibi Borbála alikuwa anamtazama Latsami, na mkono wa Latsami uliokuwa mfukoni.

Mwenzake chuoni. Maskini, hana pa kwenda. Latsami aliutafuna mkate wa mpopi, nao ukamjaa kinywani kama mchanga. Alikuwa amekuja akidhani analetwa kuonyeshwa, kumbe aliletwa kuhurumiwa. Miezi yote ile, Gellért alipopiga simu kwao na kucheka, huku ameuweka mkono wake mwingine juu ya goti la Latsami, alikuwa akizungumza kana kwamba chumbani hamna mtu mwingine.

"Hata maiti hunyunyiziwa," alisema Bibi ghafla. "Padri hunyunyizia hata jeneza. Mmemfanya nini huyu?"

"Mama, tafadhali, Pasaka hii."

"Mimi ningemmwagia. Lakini mimi mwanamke, na siku ya wanawake ni kesho."

Na kesho Latsami asingekuwepo. Basi la kurudi chuoni lilikuwa la jioni ileile. Bibi alilijua hilo. Alilitazama birika la maji lililokuwa karibu na kiwiko chake, akalitazama muda mrefu, na Latsami naye akalitazama. Lakini mkono wa kikongwe, baada ya kuishi na sheria ile tangu utotoni, haukuinuka. Bibi alishusha pumzi na kuangalia pembeni.

Hapo Latsami akanyanyuka. Desturi ya maji huisha kengele ya adhuhuri inapolia, baada ya hapo ndoo hupinduliwa, na jua lilikuwa limeshafika juu ya paa la kanisa. Aliacha kapu mezani, akatoka, akafungua geti, akasimama katikati ya barabara. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Hakuwa na haja ya kujificha, na hakujificha. Alisimama pale katika gauni lake la pamba, barabara nzima ya Felsőkút ikiwa imelowa tope kutoka mwanzo hadi mwisho, akawangoja.

Walikuja wakiimba, vijana kama kumi na tano, mashati yamewaganda miilini, ndoo zimejaa kutoka kwenye kisima cha kijiji. Mbele yao walikuwa wanamkimbiza Emőke, binti wa seremala, mwenye nywele nyekundu na kicheko cha kusikika hadi kijiji cha pili. Gellért alikuwa miongoni mwao. Kofia yake ilikuwa na maua ya kila nyumba waliyopita.

Latsami hakusogea. Akasema kwa sauti, kwa lugha yao, bila kukosea hata neno, "Heri ya Pasaka. Na mimi nina kiu."

Wimbo ukakatika. Vijana walisimama wakatazamana. Waliokuwa mbele wakavua kofia. Kisha wakagawanyika, kwa adabu yote waliyolelewa nayo, nusu upande huu nusu upande ule, wakampita wamezishika ndoo mbali, kama watu wanaopita karibu na madhabahu. "Samahani, dada." "Tupishe kidogo, dada, tusikuchafue." Mmoja alijikwaa, ndoo ikayumba, na tone la maji likamrukia Latsami juu ya kiatu. Kijana yule alipatwa na hofu ya kweli. Aliweka ndoo chini, akapiga goti topeni, akatoa leso mfukoni na kukifuta kiatu mpaka kikakauka.

"Nisamehe sana, dada. Usimwambie Mama Márta."

Latsami alimtazama Gellért. Yeye alikuwa wa mwisho, ndoo imejaa mkononi. Walikuwa wanatazamana ana kwa ana, hatua chache tu kati yao, na kijiji chote kimesimama mageti yakiwa wazi. Kwa kitambo kidogo ndoo iliinuka. Latsami aliiona ikiinuka. Hata pumzi aliizuia, jinsi mtu anavyoizuia kabla ya maji baridi.

"We Gellért!" Emőke aliita kutoka nyuma ya Latsami. "Umechoka au umezeeka? Hata babu yangu angeshanishika!"

Watu wakacheka. Gellért naye akacheka, kicheko cha mtu anayezama aliyetupiwa kamba, akampita Latsami mbio, akamshika Emőke kiunoni na kummwagia ndoo nzima kichwani. Emőke alipiga yowe. Wanawake wakapiga makofi getini. Emőke, maji yanamchuruzika, akatoa ua kifuani akamchomekea kofiani, na kutoka mfukoni mwa aproni akatoa yai. Jekundu. Watu wakashangilia zaidi, na baba yake seremala akapaza sauti kuuliza nani atamlipia harusi. Na hapo kengele ya adhuhuri ikalia.

Gellért alimkuta Latsami nyuma ya banda la kuni. Alikuwa amekimbia, anahema.

"Latsi. Usinitazame hivyo."

"Kengele imelia."

"Ni maji tu bwana. Mila za kijijini."

"Uliniambia hakuna anayebaki mkavu."

"Nilikuwa nakutania! Halafu Mama alishawaambia watu wote. Ungetaka nifanyeje, mbele ya kijiji kizima?"

"Ungemwaga."

Gellért alivua kofia, akaigeuzageuza. "Hujui hapa palivyo. Nikikumwagia wewe barabarani, ukanipa yai, kesho wanauliza harusi lini, padri anauliza umebatizwa wapi, baba haongei na mimi mpaka Krismasi. Nilitaka kwanza wakuzoee. Kidogo kidogo."

"Uliwaambia mimi ni maskini, sina pa kwenda."

"Ili wakupokee!"

"Na Emőke?"

"Emőke ni mambo ya utotoni. Haina maana yoyote."

"Na yai lake?"

Mkono wa Gellért ulikwenda mfukoni wenyewe, kabla hajauzuia. Ukabaki pale. Alipoutoa haukuwa na yai, ulikuwa na chupa ndogo ya marashi. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Basi njoo," alinong'ona. "Njoo nikunyunyizie hapa. Hakuna anayeona."

Latsami aliitazama ile chupa. Angeweza kulia, angeweza kumtukana, na matusi yote alikuwa nayo, Gellért mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Hakuyaona yakija. Mwezi wa sita ulikuwa umeshaamuliwa, na aliyeuamua hakuwa na ujasiri hata wa kuutamka.

"Ndiyo," alisema. "Hakuna anayeona." Akampita akaenda zake.

Simu ilianza kuita mfukoni mwake akiwa karibu na zizi. Ilikuwa mama. Huko Luang Prabang jioni ilikuwa inaingia, na mama asingelala mpaka amwone. Latsami aliiacha ikaita mpaka ikanyamaza. Ikaanza tena. Alijua mama yake amekaa sebuleni na shangazi zake wote, amewaambia wote, wamejipanga mbele ya kisimu kile kidogo kuona binti yao anavyopokewa Ulaya.

Nyuma ya zizi palikuwa na bomba la mkono la kunyweshea ng'ombe, na ndoo chini yake. Latsami aliweka simu juu ya ukuta. Akapampu. Maji ya Aprili ya Hungaria yanatoka ardhini yakiwa na ubaridi wa kukata mfupa. Ndoo ilipojaa aliinyanyua kwa mikono miwili, akafumba macho, na kujimwagia utosini.

Hakupiga yowe. Hakukuwa na wa kumsikia akipiga. Alijaza tena, akajimwagia tena, mpaka msuko ukawa mzito na gauni likamganda mwilini, kisha akachukua simu na kujitahidi kucheka.

"Mama!"

Kule upande wa pili nyuso zilijaa kioo chote, zimepakwa unga mweupe wa sikukuu, zina maua masikioni, zimelowa. Shangazi walipiga kelele kwa pamoja.

"Mtazameni! Mtazameni alivyolowa!"

"Wamekumwagia!" Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Wamekumwagia, mwanangu. Nani?"

"Wote, Mama. Kijiji kizima."

"Na yeye?"

"Yeye wa kwanza."

"Na yai? Lile la maua yetu, umempa?"

Yai lilikuwa mfukoni mwa gauni, linamgonga pajani. "Nimempa."

Mama akaanza kulia, kilio kile cha mtu aliyetua mzigo. Latsami aliinua mkono ajipanguse macho.

"Usijifute!" mama alimkataza. "Baraka haifutwi, ikauke yenyewe. Umesahau hata hilo?"

"Sijasahau, Mama."

"Yesu na Maria!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Márta. Alikuwa amekuja na beseni la makombo ya kulisha kuku, akaliangusha palepale. "Nani kafanya hivi? Nani? Nilisema asiguswe! Wanyama hawa, wakilewa hawajui mgeni wala ng'ombe!" Akaichomoa taulo kubwa kwenye kamba ya kuanikia, akamkimbilia, akamfunika mabegani na kuanza kumfuta uso, shingo, mikono, kwa nguvu, kama mama anayemfuta mwanawe aliyetumbukia mtoni. "Pole, mwanangu, pole. Utatusamehe. Mikono yako kama barafu!"

Mama wa Luang Prabang alisogea karibu na simu. "Huyo nani?"

"Mama yake Gellért."

"Anakupenda," alisema mama kwa mshangao. Akamtazama vizuri. "Mbona kama analia? Anasema nini?"

Márta aliuona uso wa mwanamke mgeni kwenye simu, umelowa machozi, akajua huyo ni mama mtu, na mama mtu ameyaona yote. Aliona aibu mpaka masikio yakamwiva. "Mwambie mama yako atuwie radhi," alimsihi Latsami, taulo mkononi. "Mwambie nakuapia, haitatokea tena. Mwambie!"

Latsami alisimama kati yao wawili, meno yanagongana kwa baridi.

"Anasema karibu nyumbani," alimwambia mama yake.

Mama aliunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa chini kabisa mbele ya simu, na shangazi wote nyuma yake wakafanya vivyo hivyo. Márta alipoona wamemwinamia, akajua amesamehewa. Naye akainama kwa heshima, akashusha pumzi, akaushika msuko wa Latsami, akaufungua na kuendelea kuzikausha nywele mpaka halikubaki tone.